Paka Mgeni na Paka Mwenyeji

Nasema nanyi kutoka Mbozi Mission, katika nyanda za juu za kusini, mahali palipoanzishwa na wamisionari wa Kimoravian mwaka 1899, napo siku hizi pamo katika Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Mgeni afikaye huku aghalabu huuliza habari za kimondo, lile pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani, ambalo wenyeji walilijua kabla halijatangazwa kwa wataalamu mwaka 1930. Asipouliza kimondo huuliza kahawa. Leo sitasema habari za kimondo wala za kahawa. Nataka kuzungumza nanyi juu ya paka, tena si paka wote, bali yule paka mwoga aletwaye katika nyumba ambayo tayari ina paka wake.

Labda yuko anayecheka kwamba mwalimu mzima ameitwa kusema habari za paka. Na acheke kwanza, kisha aende ghalani akayatazame magunia yake.

Huku kwetu mvua huanza yapata Novemba na kukoma yapata Aprili, na mahindi huvunwa kuanzia Mei hata Julai. Chakula hicho sharti kitufikishe mavuno mengine. Kwa ajili ya dumuzi na fukusi tumepata mifuko ile iitwayo mifuko ya kinga njaa, ambayo huwaua wadudu kwa kuwanyima hewa. Ni dawa njema sana. Walakini panya akitoboa mfuko tundu moja dogo kama punje, hewa huingia, wadudu hupona, na kazi yote huwa bure. Tena panya jike huchukua mimba majuma matatu tu au kuzidi kidogo, akazaa watoto wengi kwa mara moja; basi panya wawili wa mwezi wa Julai, ifikapo Krismasi, si wawili tena. Ndiyo sababu nyumba yenye mahindi hufuga paka. Na paka akizeeka, meno yakamtoka, miguu ikawa mizito, mwenye nyumba hutafuta wa pili amsaidie. Yule wa kwanza hatupwi, maana wazee walisema, Paka wa nyumba haingwa.

Sasa tazameni jinsi watu wengi wanavyomwingiza huyo wa pili. Hutiwa katika gunia, akapakiwa basi la kutoka Tunduma au Mlowo, akatikiswa njia nzima gizani, akisikia honi na makelele ya watu asiowajua. Afikapo, gunia hufunguliwa jikoni, mbele ya paka mwenyeji, nao watoto wamezunguka wakipiga makofi. Mwenyeji husimamisha manyoya, hukunja mgongo, na kutoa pumzi kali kama nyoka. Mgeni huona mlango, au dirisha, au tundu la moshi, akatoka mbio. Usiku ule hulala shambani, na kesho yake haonekani. Watu husema, Huyu hakuwa paka wa bahati. Mimi nasema bahati haikuwamo katika shauri hilo. Paka alifanya lile ambalo kila kiumbe mwenye hofu angefanya.

Tukitaka kuyaelewa mambo haya, yatupasa kujua asili ya paka. Paka wetu wa nyumbani ni wa ukoo wa paka mwitu wa Afrika, ambaye hata leo yumo katika mapori ya nchi yetu, mwenye rangi ya majivu na mistari hafifu miguuni na mkiani. Huyo huwinda peke yake. Simba huwinda kwa kundi na mbwa mwitu kadhalika, lakini paka mwitu hana mwenzi wa kuwinda naye, wala hana haja naye, maana panya mmoja hagawanyiki kwa wawili. Ana nchi yake, naye huilinda. Urafiki wake na wanadamu ni wa kale sana: katika kisiwa cha Kupro wachimbaji walikuta kaburi la mtu, na karibu naye paka amezikwa, habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004, na kaburi lenyewe lakadiriwa kuwa la miaka 9,500 iliyopita. Kwa kuwa kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, hapana budi watu waliwavusha kwa chombo. Wataalamu husadiki kwamba nafaka ndiyo iliyowaunganisha paka na watu: palipo na ghala pana panya, na palipo na panya paka huja. Basi ile habari ya ghala la Mbozi si mpya hata kidogo.

Lakini ingawa paka amekaa nasi miaka yote hiyo, moyoni bado ni mwenye nchi yake. Paka majike wa ukoo mmoja, mama na binti na dada, huweza kukaa pamoja na hata kuleleana watoto. Mgeni asiye wa ukoo hufukuzwa. Kwa mwenyeji, paka mpya si ndugu aliyekuja kusaidia kazi. Ni mwizi aliyeingia zizini.

Na paka humjua mwizi kwa pua. Hapa ndipo penye ufunguo wa jambo lote, nanyi wanafunzi lishikeni vizuri. Sisi twajuana kwa uso na sauti. Paka hujuana hasa kwa harufu. Mashavuni, kidevuni, katika paji la uso, chini ya nyayo na penye shina la mkia ana vifuko vidogo vitoavyo harufu, ambayo pua ya mtu haiisikii. Mkimwona paka akijisugua katika mguu wa kiti, au katika mguu wa mama anayekoroga ugali, msidhani anabembeleza tu. Anatia alama: hiki ni changu, na huyu ni wa kwetu. Nyumba nzima imepakwa alama zake kama ukuta uliopakwa chokaa. Mgeni akiingia, huikuta nyumba inapiga kelele kwa harufu ya mwenzake, naye mwenyeji huikuta harufu ngeni mahali asipoizoea. Wote wawili huogopa, na hofu ya paka huwa kwa kukimbia au kwa kucha.

Basi dawa ni harufu ije kwanza, macho yafuate, na miili ikutane mwisho.

Nitawaeleza jinsi jirani yetu mmoja hapa Mission alivyofanya, mama mjane mwenye wajukuu wanne. Paka wake ni dume mzee, sikio moja limechanika, na wajukuu humwita Karani, kwa sababu hukaa juu ya magunia kana kwamba anayahesabu. Siku hizi huyahesabu tu. Panya hupita mbele yake. Mwaka mmoja yule mama aliletewa paka kijana akamfungulia jikoni kama nilivyosema, akatoroka usiku ule ule. Msimu ule panya walimharibia mahindi hata akalazimika kununua unga mwezi wa Februari, wakati bei imepanda, na fedha aliyonunulia ilikuwa ya madaftari na sare za watoto. Kwa hiyo alipopewa paka wa pili na nduguze wa Tunduma hakuwa na mzaha.

Huyu wa pili alikuwa jike mdogo, mwenye mistari, mwoga kupita kiasi. Alizaliwa nyuma ya maduka, wala hakushikwa na mkono wa mtu alipokuwa mchanga. Jambo hilo ni kubwa kuliko watu wadhanivyo. Mtoto wa paka ashikwaye kwa upole na watu tangu juma la pili hata la saba la maisha yake hukua akiwaona watu kuwa salama. Akipitwa na muda huo, huweza kujifunza baadaye, lakini polepole sana. Ukichagua paka, chagua aliyelelewa miguuni mwa watu. Yule mama hakuwa na nafasi ya kuchagua.

Hakumleta katika gunia. Alimtia katika tenga lenye kifuniko, akaweka ndani kipande cha kanga kuukuu alichokuwa amekilalia huko kwao, na juu akafunika nguo nyingine ili asione barabara. Alipofika hakupita jikoni. Alimpeleka moja kwa moja katika chumba kidogo cha pembeni, akafunga mlango kwa komeo na kuziba dirisha kwa wavu wa kuku. Chumbani alikwisha kuweka maji, dagaa kidogo, karai lenye mchanga na majivu mbali na chakula, na sanduku lililolala ubavu, lenye kanga ndani yake. Hili sanduku msilidharau. Paka mwoga asiye na pa kujificha hatulii kamwe. Aliye na pa kujificha hutoka mwenyewe siku moja.

Siku ya kwanza hakutoka, wala ya pili. Wajukuu walimwita Kivuli, maana usiku, wakichungulia kwa taa, waliona kivuli chake ukutani wasimwone yeye. Asubuhi chakula kilikuwa kimeliwa. Watoto wakataka kumvuta watazame macho yake; bibi yao akawakataza, na alifanya vema, kwa sababu paka akivutwa kutoka maficho yake mara moja, hujifunza kwamba mahali pale si salama, na kazi ya siku tatu hurudi nyuma. Yeye mwenyewe kila jioni aliingia, akaketi chini karibu na mlango, akachambua maharage. Hakumtazama. Macho makavu yakazayo ni vita kwa paka. Atazamaye kisha akafumba macho polepole husema neno la amani. Yule mama alikuwa akisema maneno madogo madogo kwa Kinyiha, kama anenavyo mtu na maharage yake. Siku ya tano Kivuli alikula mbele yake. Siku ya tisa alikuja kunusa kidole.

Wakati huo huo Karani naye alikuwa na kazi yake huku nje. Alikwisha kujua kwamba nyuma ya mlango pana mtu. Alikaa pale akinusa chini ya mlango, akinguruma. Mama alichukua kitambaa laini, akamsugua Karani mashavuni, akakiweka chumbani karibu na chakula cha Kivuli. Kitambaa kingine, chenye harufu ya Kivuli, alikiweka karibu na chakula cha Karani. Siku ya kwanza Karani alikikunjia pua akaenda zake. Siku ya nne alikula huku kitambaa kiko kando yake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: harufu ya mwenzake iwe pamoja na dagaa, hata moyo useme kwamba harufu hii ikija, kheri huja nayo. Kisha akawalisha wote wawili kwa saa moja, mmoja huku na mmoja kule, mlango ukiwa umefungwa katikati yao. Kwanza vyombo viko mbali na mlango, na kila siku akavisogeza karibu kadiri ya shibiri moja. Mmoja akikataa kula, alivirudisha nyuma.

Tena alibadilishana nao mahali. Karani alipokwenda matembezini, Kivuli alipewa saa moja ya kuizunguka nyumba, ajifunze milango, na mahali pa juu pa kupandia, na njia ya kurudi chumbani kwake. Jambo hili wengi hulisahau. Paka mwoga akikutana na mwenyeji mahali asipopajua hukimbia ovyo, na akimbiaye hufukuzwa. Lakini ajuaye njia huenda juu ya kabati, akatulia, na vita imekwisha kabla haijaanza.

Juma la tatu mlango ulifunguliwa upana wa vidole viwili, ukazuiwa kwa jiwe. Walionana. Karani alitoa pumzi ya nyoka, Kivuli akarudi sandukuni. Mama hakumpiga Karani, wala hakumfokea. Nasisitiza hapo, maana mkono wa mtu huwa mwepesi. Ukimpiga mwenyeji kila amwonapo mgeni, atafunzwa kwamba mgeni ndiye aletaye fimbo, naye atamchukia zaidi. Kupumua kwa ukali na kunguruma ni maneno tu. Ni afadhali maneno kuliko kucha. Kutisha kwenyewe ni pale paka anapomtazama mwenzake bila kupepesa, mwili umeshuka chini, masikio yamelala nyuma, ncha ya mkia yacheza. Hapo weka ubao au ungo kati yao wasionane, kisha uwatenge kimya kimya. Usitie mkono wako kamwe.

Palikuwa na ugomvi mmoja, manyoya yaliruka, ikabidi kuanza tena tangu vyombo vya chakula. Kwa jumla iliwachukua yapata majuma saba. Nawaambieni ili yeyote asidhani ni shauri la siku mbili. Sisi twasema mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Kwa paka hesabu hiyo haifai. Wengine huzoeana kwa juma moja, hasa mgeni akiwa mtoto. Wengine hutaka miezi.

Na msitazamie mapenzi. Karani na Kivuli hawalali pamoja, wala hawalambani. Wamegawana nyumba kwa saa, kama walinzi: mchana jiko ni la Karani, usiku ghala ni la Kivuli, na wakipishana mlangoni kila mmoja hutazama upande wake. Mama ameridhika. Asubuhi hukuta mikia ya panya karibu na magunia.

Sasa niseme machache juu ya mambo yanayoharibu kazi hii. Wako watu wasemao kwamba paka akishiba hawindi, kwa hiyo humnyima chakula. Si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, kwa kuwa uwindaji ni tabia yake. Tena mgeni mwenye njaa hutoroka upesi, na paka wawili wenye njaa hugombana juu ya bakuli. Wapeni vyombo viwili, mahali pawili, wasilazimike kutazamana wakila. Wapeni maji. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, ingawa huyapenda.

La pili ni sumu ya panya. Mwenye kufuga paka asiweke sumu ghalani, kwa maana panya aliyekula sumu hutembea kwa kulegea, naye ndiye paka amkamataye kwanza. Hata jirani akiweka, mwombeni awafukie panya waliokufa.

La tatu, dume asiyehasiwa hupigana zaidi, hutangatanga, na kukojolea kuta; na jike huweza kuchukua mimba hata kabla hajatimiza nusu mwaka, akazaa baada ya siku kama 63 hadi 65, na nyumba ya paka wawili ikawa ya paka saba. Muulizeni Bwana Mifugo wa kata yenu. Muulizeni pia juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo, japo waitwa wa mbwa, huwapata paka vile vile, nao humwua mtu ukikwisha kuonyesha dalili zake. Mtoto akiumwa au akiparuzwa na paka, oshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, wala asingojewe mpaka paka aonekane mgonjwa.

Je, wakikataa kabisa? Yuko paka ambaye hataki mwenzi, hata ukingoja mwaka. Mkiona mgeni hali, hatoki, amekonda, manyoya yamepoteza mng'ao, au mwenyeji ameanza kukojolea vitanda na kulala nje, msiwalazimishe. Nyumba zetu za kijijini zina ghala upande mmoja na jiko upande mwingine. Mwacheni mgeni awe paka wa ghala, na mlango wake, na chakula chake, na sanduku lake, nanyi mkampelekee dagaa jioni kwa saa ile ile kila siku, mkimwita kwa sauti ile ile. Na kama hamna nafasi hiyo, mtafutieni nyumba isiyo na paka. Mchukueni kwa tenga, na kile kipande cha kanga msikisahau ndani yake.